Kabla ya kugeuza nambari, uliza ni nambari ya nini

Leo nataka kulisemea lile zoezi ambalo karibu kila anayejifunza kuandika programu hukutana nalo: pokea nambari, igeuze, 1234 iwe 4321. Lipo darasani, lipo kwenye mtihani, na ukimaliza chuo unalikuta tena kwenye usaili wa kazi. Wapo wanaosema ni la kupoteza wakati. Mimi nasema ni zoezi zuri, ila linafundishwa nusu.

Nusu inayofundishwa ni hii (Python):

geuzo = 0
while n > 0:
    geuzo = geuzo * 10 + n % 10
    n = n // 10

Ukigawanya nambari kwa 10, baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Unaichukua, unaiweka nyuma ya zile ulizokwisha kukusanya, kisha unaikata kwenye nambari ya awali. Unapata 4, halafu 43, halafu 432, mwisho 4321. Hesabu ya shule ya msingi tu, na ndani yake umejifunza kitanzi, baki na thamani ya nafasi. Hapo sina ugomvi.

Sasa tuje huku kwetu. Nambari ya posta ya Kajiado ni 01100. Ipe programu hiyo. Itaisoma kama 1100, kisha itakujibu 11. Mtu mwenye kalamu na karatasi angekuandikia 00110. Sifuri tatu zimepotea: moja wakati wa kusoma, mbili wakati wa kugeuza.

Kitengela ni 00242, na hapa mambo ni mabaya zaidi. Programu inaona 242, inageuza, inapata 242, na inakuapia kwamba nambari hii inasomeka sawa mbele na nyuma. Si kweli. Ukiigeuza 00242 unapata 24200. Na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaouona.

Tena ukiiandika 01100 ndani ya programu ya C au Java, ile sifuri ya mbele inaiambia lugha kwamba unahesabu kwa msingi wa nane. Kajiado inakuwa 576, Kitengela inakuwa 162! Python 3 hukataa kabisa kuendelea, na kwa hilo naipongeza.

Shida ni nini? Nambari ya posta si idadi ya kitu. Hakuna anayejumlisha Kajiado na Kitengela. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na jina huhifadhiwa kama maandishi. Nambari ya simu ni vivyo hivyo. Ukianza na 254 inakuwa na tarakimu 12, wakati nambari kamili ya biti 32 inakomea 2,147,483,647. Haiingii.

Haya si mambo ya darasani tu. Mweka hazina wa chama anaandika simu za wanachama kwenye Excel, na sifuri ya mbele inatoweka. Kijana aliyeajiriwa jana anaandika programu ya kulinganisha orodha hiyo na malipo ya M-Pesa. Simu moja ina 0, nyingine haina, hazifanani. Mama aliyelipa anaonekana hajalipa, na ni yeye atakayesimama mkutanoni kujitetea.

Kwa hiyo walimu, na nyinyi mnaofanya usaili, endeleeni kuuliza swali hili. Lakini msimpe alama mtu kwa sababu ya kitanzi peke yake. Mtazameni kama anauliza, kabla ya kugusa kibodi, nambari hii ni ya kuhesabia au ni jina.

Jaribuni hili: nambari ya kaunti ya Kajiado ni 034. Ikigeuzwa ni 43 au 430? Ukinijibu haraka bila kuniuliza kitu, rudia zoezi.