Taji Halilipi Bando
Umealikwa kuwa msimamizi wa kujitolea kwenye gemu ya mtandaoni? Hongera, lakini tulia kwanza. Kule RuneScape, mchezaji anayesimamia wenzake hupata taji la rangi ya fedha kando ya jina lake, na uwezo wa kuwanyamazisha wenye matusi. Mshahara hakuna.

Mwaka 2000, baadhi ya waliojitolea kuhudumia wachezaji wa Ultima Online waliishtaki kampuni ya Electronic Arts huko Marekani wakisema ile ilikuwa kazi, walipwe.

Kujitolea si ujinga: unajifunza kusikiliza pande mbili na kutuliza ugomvi. Ila bando ni lako, na usingizi ni wako. Panga saa zako, zikiisha, toka. Wakianza kukupangia zamu kama mwajiriwa, waulize malipo bila kuona haya.