MITA MOJA, VYUMBA SITA

Kwa bei zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili, 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyepita uniti 75 kwa mwezi alipangiwa kulipa TANESCO shilingi 100 kwa kila uniti, na mteja wa kawaida shilingi 292. Nia ya mpango huo ni njema, nasi twaisifu: kabwela apate mwanga kwa bei ya kabwela. Lakini twauliza, je, ni kabwela kweli anayeipata bei hiyo?

Natuitazame Kiwangwa, penye mananasi yajulikanayo Pwani nzima. Kibarua wa shamba, mpakiaji wa magari na mama wa genge, walio wengi hawana nyumba zao. Hupanga chumba kimoja kimoja, na nyumba nzima huwa na mita moja ya LUKU. Tuseme vyumba ni sita, na kila kimoja chatumia uniti 20 kwa taa, redio, feni na simu. Jumla ni uniti 120. Mita haihesabu watu. Yahesabu uniti tu. Basi nyumba ile huangukia bei ya kawaida, na kila mpangaji hulipa shilingi 5,840 kabla ya kodi, badala ya shilingi 2,000 ambazo angalilipa kama angalikuwa na mita yake. Mwenye nyumba yake, akaaye na mkewe tu, ndiye afaidiye shilingi 100!

Tena, tangu Agosti, 2021, kodi ya majengo hukatwa katika LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ghorofa. Kodi hiyo ni deni la mwenye nyumba, lakini humpata anunuaye umeme. Wenye nyumba waungwana huipunguza katika pango. Wengine hujifanya hawajui, na mpangaji aogopaye kufukuzwa hunyamaza.

Uniti zikimalizika usiku, naye mfukoni hana kitu, hukopa. Kadi za mikopo za mabenki ni za wachache. Kadi ya mnyonge ni simu yake. Wako wakopeshaji wa mtandaoni wanaokata chao kabla ya kumkabidhi fedha, kisha wataka walipwe kwa siku chache, na akichelewa huwapigia jamaa zake ili kumwaibisha. Watu wameiita mikopo ya namna hii kausha damu, wala hawakukosea. Hii ni kangomba ile ile iliyowatesa wakulima wa korosho, ila sasa imevaa viatu. Novemba, 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ni kazi njema. Lakini hata riba halali ya asilimia 3.5 kwa mwezi si nyepesi kwa mtu aliyekopa ili awashe taa.

Twataka TANESCO iandikishe idadi ya kaya zilizo nyuma ya kila mita, na bei ya mteja mdogo ihesabiwe kwa kaya. Kodi ya jengo iandikwe wazi katika mkataba wa pango kwamba ni ya mwenye nyumba. Na EWURA itakapoita tena mkutano wa kusikiliza maoni juu ya bei, wapangaji wa Kiwangwa waende na risiti zao za LUKU mkononi.