Vijana wa Benchi la Nyuma



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuiona Tume ya Haki na Amani ikitumia kurasa zake chache kuzungumzia riwaya ya vijana, tena riwaya ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1967. Mmezoea kusoma humu habari za ardhi, mishahara na uchaguzi. Lakini katika riwaya hiyo tumekuta kisa kimoja kidogo, kisichozidi aya moja, ambacho kimetuchoma kuliko vitabu vingi vinene tulivyovisoma seminarini.

Kitabu chenyewe chaitwa The Outsiders, yaani watu walio nje. Mwandishi wake, S. E. Hinton, ni mwanamke wa mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma. Alianza kukiandika akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na kilipochapishwa alikuwa na umri wa miaka 18. Jina lake lilifupishwa likawa herufi mbili tu, ili wahakiki wasije wakakidharau kitabu kinachosimulia maisha ya wavulana kwa sababu kimeandikwa na msichana. Naye basi, kwa namna yake, alikuwa mmoja wa walio nje.

Kisa ni hiki. Vijana wa mji mmoja wamegawanyika makundi mawili. Upande wa magharibi wako wana wa matajiri, wenye magari na mavazi ya thamani, nao huitwa Socs. Upande wa mashariki wako wana wa maskini, waitwao Greasers kwa ajili ya mafuta wanayopaka katika nywele zao ndefu. Anayesimulia ni Ponyboy, mvulana wa miaka 14, ambaye wazazi wake wamefariki katika ajali ya gari, naye analelewa na kaka zake wawili. Rafiki yake Johnny, mwenye miaka 16, hupigwa na baba yake, na mama yake hamjali. Usiku mmoja kijana tajiri aitwaye Bob na wenzake, wakiwa wamelewa, wanawavamia wawili hao bustanini na kumzamisha Ponyboy katika maji ya chemchemi karibu afe. Johnny, ambaye siku za nyuma alikwisha kupigwa vibaya na vijana wa upande huo, anachomoa kisu na kumwua Bob. Wawili hao wanakimbia na kujificha.

Wanajificha wapi? Katika kanisa kuukuu lililoachwa, juu ya kilima, lisilo na padre wala waamini.

Hapo ndipo Ponyboy anapokumbuka ile aya tuliyoitaja. Zamani yeye na Johnny walikuwa wakienda kanisani. Walikaa nyuma, kwa kuwa mavazi yao hayakuwa mazuri, wakajitahidi kupata chochote katika mahubiri, na walipenda kwenda. Siku moja wakafuatana na wenzao watatu. Wale hawakuweza kutulia. Walirushiana vikaratasi wakifanya mzaha, na mwisho kitabu cha nyimbo kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Kanisa zima likageuka kuwatazama. Ponyboy na Johnny walitamani kuingia chini ya benchi kwa aibu. Tangu siku ile Ponyboy hakwenda tena.

Tuangalie vema jambo hili. Hakuna aliyewafukuza wala kuwatukana. Hatuambiwi kwamba mchungaji alisema neno. Ziligeuka shingo tu, basi. Na yule aliyekuwa akisikiliza mahubiri kwa moyo ndiye aliyepotea, kwa kosa la kitabu ambacho hakukiangusha yeye.

Sisi wenyewe hatuna mahali pa kujificha katika habari hii. Tulipokuwa mapadre vijana, Dominika moja waliingia kanisani vijana wanne wa kijiweni, wapiga debe wa stendi, wakakaa nyuma kabisa. Mmoja alivaa kofia. Walinong'onezana, wakacheka. Tulinyamaza katikati ya mahubiri, tukawakazia macho mpaka wakainuka na kutoka. Baada ya Misa wazee kadhaa walitushika mkono wakatupongeza kwa kulinda heshima ya nyumba ya Mungu. Tulikwenda kunywa chai tukiwa tumeridhika. Walikokwenda wale vijana hatujui, maana hata majina yao hatukuyauliza.

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, alikwisha kutukemea juu ya kumpa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kule. Wengi wetu huisoma sura hiyo tukidhani yahusu watu wazima. Lakini maaskofu wa Amerika ya Kilatini walipokutana Puebla, nchini Mexico, mwaka 1979, walitamka mambo mawili pamoja: kuwapa maskini nafasi ya kwanza, na kuwapa vijana nafasi ya kwanza. Lile la kwanza tumelitaja mara nyingi katika semina zetu. La pili hatulitaji sana, pengine kwa sababu maskini aliye mzee hunyenyekea, na maskini aliye kijana huvaa kofia kanisani.

Wapo wanaokisifu kitabu hiki kwa sababu nyingine. Ndani yake msichana wa upande wa matajiri, Cherry, anazungumza na Ponyboy, nao wanagundua kwamba jua wanalolitazama likizama ni lile lile kwa pande zote mbili. Ni maneno mazuri, na walimu huyapenda. Sisi twasema hayatoshi. Jua halitozwi ada. Cherry huyo huyo anamtahadharisha Ponyboy asichukie endapo hatamsalimu watakapokutana shuleni. Hapo ndipo penye ukweli wa mambo.

Na tunaomba mumtazame Darry, kaka mkubwa, ambaye wasomaji wengi humpita haraka wakimwona mkali tu. Ana miaka 20. Shuleni alikuwa nahodha wa timu ya mpira, na kwa michezo alipata ufadhili wa kwenda chuo kikuu, lakini hata pamoja na ufadhili huo fedha hazikutosha. Sasa anaezeka mapaa ya watu, akipanda ngazi na mizigo miwili kwa mara moja, ili wadogo zake wasichukuliwe na serikali kupelekwa katika makao ya watoto. Sodapop, anayemfuata, ameacha shule na anafanya kazi katika kituo cha petroli. Wenzake wanajua kwamba Darry angeweza kuwa mmoja wa wale wa upande wa pili, na kinachomzuia ni wao. Huyu si mhuni. Ni kijana aliyelipa karo ya wengine kwa maisha yake mwenyewe, na jioni arudipo amechoka huitwa mkali. Katika kila jumuiya ndogo ndogo zetu yumo Darry, wa kiume au wa kike, nasi twamdai mchango wa parokia bila kumwuliza analala saa ngapi.

Hata tajiri hakuachwa bila kutazamwa. Randy, rafiki wa Bob, anamwendea Ponyboy kabla ya pambano kuu na kumweleza kwamba wazazi wa Bob hawakuwahi kumkataza mwana wao jambo lolote, na kwamba hata maskini wakishinda pambano watabaki pale pale walipokuwa. Ndivyo inavyokuwa. Greasers wanashinda, na hakuna kinachobadilika.

Wakati huo Johnny anakufa hospitalini. Kanisa lile la kilimani liliwaka moto, pengine kwa sigara yao wenyewe, watoto wa shule waliokuja matembezini wakiwa ndani. Ponyboy na Johnny waliingia motoni kuwatoa, na boriti ikamwangukia Johnny mgongoni. Mwalimu mmoja aliyeshuhudia akauliza kama vijana hawa wametumwa kutoka mbinguni. Ponyboy alimjibu kwamba wao ni Greasers tu. Hata baada ya moto jina alilopewa na mji ndilo lililokuja kwanza kinywani mwake.

Tunalo lawama moja juu ya kitabu hiki. Chazungumza kana kwamba Tulsa haina mgawanyiko mwingine ila huu wa mashariki na magharibi. Lakini mwaka 1921, tarehe 31 Mei na 1 Juni, umati wa wazungu wa mji huo huo uliteketeza mtaa wa Greenwood waliokokaa watu weusi, ukaua watu wengi, na kuchoma hata kanisa la Mount Zion la Wabaptisti lililokuwa limefunguliwa Aprili ya mwaka ule. Msichana wa sekondari wa miaka ya 1960 hatumlaumu sana. Huenda hata shuleni hakufundishwa. Tunayataja ili msomaji ajue kwamba nje ya walio nje wamo wengine ambao hata riwaya haikuwaona.

Wazazi wengine watasema kitabu chenye visu, pombe na sigara hakifai kwa watoto. Si wao wa kwanza. Katika miaka ya 1990 kilikuwamo katika orodha ya vitabu 100 vilivyolalamikiwa zaidi, iliyotolewa na Chama cha Maktaba cha Marekani. Hofu yao twaielewa. Ila visu na pombe havikuletwa stendi yetu na riwaya.

Basi tunapendekeza kwa Halmashauri ya Walei mambo madogo. Wahudumu wa utaratibu wanaosimama mlangoni wachaguliwe pia miongoni mwa vijana, hata wale wasio na kwaya wala chama cha kitume. Kijana akiangusha kitabu, waliokaa mbele waendelee kutazama altare. Na anayekaa benchi la nyuma Dominika tatu mfululizo, mtu mmoja na amwendee baada ya Misa kumwuliza jina lake, kabla ya kumwuliza jumuiya yake.

Nakala tuliyo nayo ni moja, ya Kiingereza, na jalada lake limeachia. Ipo kwa katibu wa Tume, ofisi ya parokia, kila Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Kijana atakayeitaka apewe bila kudaiwa kadi ya zaka.