Toba Haianzi kwa Kunyamaza

Nimesoma hoja ya mwandishi anayetaka wazazi wa Rwanda walioshiriki mauaji ya kimbari ya 1994 wafe na siri zao, ili watoto wao waishi kwa amani. Nampinga. Ni amani gani inayolindwa na kaburi lisilojulikana?

Mahakama za kijamii za gacaca, zilizowahukumu washiriki wa mauaji hayo, zilifungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza kesi zaidi ya milioni moja. Aliyekiri mapema alipunguziwa adhabu. Hata hivyo, mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji, makaburi ya halaiki yaligunduliwa wilayani Gasabo, Kigali, mengine chini ya nyumba za watu.

Mwandishi huyo anadai kukiri ni kuwatwisha watoto dhambi isiyo yao. Sivyo. Mtoto harithi hatia ya baba. Akirithishwa uongo, ndipo anapotwishwa mzigo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha kaburi je? Kifo humsaidia kulificha milele. Basi, mzee unayejua walipolala waliouawa, usingoje. Sema leo. Yupo mama anayesubiri mifupa ya mwanawe aizike.