Sekunde Kumi na Tano

Mpenzi msomaji, mwezi huu sikuletei kisa cha rafiki yangu. Nakuletea kosa langu mwenyewe.

Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu: kupiga picha za nyota. Siyo mastaa wa Bongo, la hasha, nyota za angani! Kamera yangu ni ya zamani, lenzi ni ileile ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja nayo, na anga la Dar si unalijua, taa kila kona. Nikajiaminisha kwamba tatizo ni vifaa. Kuna mashine ya kuzungusha kamera taratibu ili ifuate nyota zinavyotembea. Niliitamani mpaka nikachota milioni mbili kwenye akaunti ya kiwanja chetu, bila kumwambia mwenzangu.

Bwana akaikuta taarifa ya benki kabla hata sijaagiza. Hakufoka. Alinyamaza siku mbili, na kama uko kwenye ndoa unajua kwamba afadhali kelele. Siku ya tatu akauliza: "Mama watoto, hiyo kamera uliyonayo umeshaimaliza?"

Nikakosa jibu. Nikakaa chini kusoma, na aibu ikanishika. Mashine ile lazima uilenge kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinapazunguka. Kwa sisi wa Dar, ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, yaani nyuma ya paa la jirani! Halafu kuna hesabu nyepesi: chukua 500, gawanya kwa milimita za lenzi. Kwa 18 unapata kama 28. Kamera yenye kihisi kidogo kama yangu, gawanya tena kwa 1.6, unabaki na sekunde 17. Ukizidisha hapo, nyota zinageuka vistari.

Jumamosi moja ya Julai, usiku usio na mwezi, tukamwacha mtoto kwa bibi yake tukaenda Bagamoyo, kilomita kama 60 hivi. Stendi aliibeba yeye. Saa tatu tu ya usiku Nge alikuwa juu (ndiyo, Nge yuleyule wa ukurasa wa utabiri), na Njia Nyeupe imepita mkiani mwake. Nikapiga picha 16, kila moja sekunde 15. Nyumbani nikazipandanisha kwa DeepSkyStacker, programu ya bure kabisa. Picha 16 zikiunganishwa, zile chengachenga hupungua hadi robo.

Jamani! Michirizi myeusi ya vumbi katikati ya nyota ikajitokeza yenyewe. Sikufichi, chini kuna ukungu wa taa za Dar, na nyota za pembeni zimevutika kidogo. Lakini ni yangu, na aliyeshika tochi ni yeye.

Milioni mbili nimezirudisha. Imani hairudi haraka kama hela, hilo nalo nimejifunza. Siku hizi taarifa ya benki ikija, tunaifungua pamoja. Mashine nitainunua siku moja, nikishaomba.

Na wewe, kabla hujagusa hela ya wawili kwa ajili ya ndoto ya mmoja, jiulize swali la mume wangu: ulichonacho umeshakimaliza?

Tukutane mwezi ujao.