Ya Zamani Si Kuukuu: Tuache Kuita Kasoro "Roho"

Mwaka jana nilinunua lenzi kwa muuzaji mmoja jijini Kampala. Ilikuwa Jupiter-8 ya milimita 50, iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovyeti. Niliitafuta kwa sababu marehemu babu yangu alirudi kutoka masomoni huko na kamera aina ya Zorki-4, na lenzi yake ilikuwa imepotea tangu zamani. Nilipoishika nikaona ukungu mwembamba ndani ya kioo, nikauliza. Muuzaji akacheka, akasema, "Kijana, hiyo ndiyo roho ya lenzi. Hizi mpya hazina roho." Nikalipa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Masaka kumpiga picha jaja, yaani nyanya yangu, mjane wa mwenye kamera. Alivaa gomesi yake ya sherehe, akaketi mbele ya migomba, jua la jioni likiwa nyuma yake. Nilipiga picha zote 36. Zilipotoka, uso wake ulikuwa umefunikwa na weupe kama moshi wa jikoni. Macho yalionekana kwa shida. Nilizipeleka kwa muuzaji. Akarudia neno lake lile lile: roho. Mwezi wa nne jaja alifariki. Picha iliyowekwa juu ya jeneza lake ilikuwa ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka ikabaki nukta tupu.

Kosa la kwanza ni langu, nami silikatai. Niliona ukungu na nikanunua. Lakini nilinunua kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulisikia neno hilo mara nyingi, kwa wenzangu tunaopenda kamera za filamu, mpaka nikaliamini. Tukiona picha iliyofifia, tunasema ina roho. Tukiona pembe zilizoparaganyika, roho. Tukiona taa imemwaga mwanga nusu ya picha, roho tena. Hoja yangu katika insha hii ni moja: neno hilo linatudanganya, linawanufaisha wauzaji wa vitu vibovu, na linawanyima heshima watu waliotengeneza lenzi hizo. Lenzi ya zamani ina sababu zake. Tuzijue sababu hizo, kisha tuitumie.

Lugha yetu imekwisha tutenganishia jambo hili. Kiswahili kina kitu cha zamani na kina kitu kikuukuu. Cha zamani kimeishi miaka mingi, kikuukuu kimechakaa. Mzee hawi mgonjwa kwa sababu tu ni mzee. Muuzaji wangu aliniuzia lenzi kuukuu kwa bei ya lenzi ya zamani, na neno "roho" ndilo lililomwezesha kuvichanganya viwili hivyo.

Tuanze na lenzi yenyewe. Jupiter-8 haikubuniwa Urusi. Ni mtoto wa Sonnar, lenzi iliyobuniwa na Ludwig Bertele katika kampuni ya Zeiss ya Ujerumani na kutolewa pamoja na kamera ya Contax mwaka 1932. Wakati huo vioo vya lenzi vilikuwa havijapakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na mwanga huo haupotei vivi hivi: hurukaruka ndani ya lenzi, kisha huanguka juu ya filamu na kuichafua. Kadiri nyuso zinavyozidi, ndivyo picha inavyofifia.

Bertele alifanya nini? Katika Sonnar yenye uwazi wa f/2 alichukua vipande sita vya kioo akavigandisha katika makundi matatu tu. Makundi matatu yana nyuso sita zinazogusa hewa. Lenzi ya makundi manne ina nane. Piga hesabu: nyuso sita hupitisha takriban asilimia 78 ya mwanga, nane hupitisha takriban 72. Ndiyo maana Sonnar ilitoa picha zenye weusi mzito na weupe safi katika zama ambazo lenzi nyingine zenye uwazi mkubwa zilitoa kijivu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, naye wa Zeiss, akabuni njia ya kupaka kioo tabaka jembamba sana la kupunguza mwanga unaorudi. Baada ya vita Wasovyeti walichukua mitambo, michoro na vioo vya Zeiss, na Sonnar ikazaliwa upya kwa jina la Jupiter. Zilizopakwa dawa nyingi zina herufi nyekundu ya Kirusi, П, mbele ya kioo.

Sasa tazama kejeli iliyopo. Lenzi iliyobuniwa makusudi kupambana na ukungu inauzwa leo kwa kusifiwa ukungu wake! Ukiona vyaelea, vimeundwa. Bertele aliunda. Kuiita kazi yake "roho" ni kama kumtazama fundi wa jahazi aliyepima kila ubao, kisha useme jahazi linaelea kwa bahati.

Kuna sababu ya pili inayofanya udanganyifu huu uwe mbaya zaidi kwenye kamera kama Zorki. Hizi ni kamera za renjifainda. Zina vitundu viwili upande wa mbele, vilivyoachana kwa sentimita chache. Ukichungulia nyuma unaona picha mbili za kitu kimoja. Unazungusha lenzi, nayo inasukuma mkono mdogo ndani ya kamera, na picha mbili zinasogeleana. Zikilaliana, umbali umepatikana. Ni ufundi mzuri, na kwa kuwa hakuna kioo cha kupinda mwanga katikati, lenzi inaweza kukaa karibu sana na filamu. Sonnar iliihitaji nafasi hiyo. Ndiyo sababu kamera zenye kioo ndani, mfano wa Nikon F ya mwaka 1959, zilipotawala soko, Sonnar ya milimita 50 haikuweza kuzifuata. Kioo kingegonga sehemu yake ya nyuma.

Lakini angalia: kwenye renjifainda, mpiga picha hatazami kupitia lenzi. Anatazama kupitia kitundu cha pembeni. Lenzi inaweza kuwa na ukungu, kuvu, hata kifuniko hakijaondolewa, na wewe ukamwona jaja wako safi kabisa, anatabasamu. Utajua ukweli filamu ikishasafishwa. Basi kwa mwenye kamera ya namna hii, uaminifu kuhusu hali ya lenzi si anasa. Hana njia nyingine ya kujilinda ila kuikagua lenzi kabla ya kupiga.

Wengine hufunga lenzi hizi kwenye kamera za dijitali kwa kutumia pete ya kuunganishia, kisha huonyesha pembe za picha zilizoparaganyika na kusema, "Ona roho!" Hapa nako tunasingizia. Mbele ya kihisi cha dijitali kuna bamba la kioo ambalo filamu haina. Lenzi ambazo nyuma yake huingia ndani sana, hasa za pembe pana kama Jupiter-12 ya milimita 35, hutupa mwanga kwa mshazari mkali kuelekea pembeni, na bamba lile huupotosha. Parafujo hiyo si ya lenzi, ni ya ndoa isiyofaa. Ifunge kwenye Zorki yenye filamu, na sehemu kubwa ya "roho" hiyo utaitafuta usiione.

Najua nitajibiwa: "Kwani kila kitu kipimwe? Hakuna uzuri katika kasoro?" Upo, nami sipingi. Sonnar ikifunguliwa yote, vitu vilivyo nyuma ya mtu hulainika kwa namna ya pekee, na uso hauchorwi kwa ukali wa kuhesabu vinyweleo. Naupenda ulaini huo. Lakini nao una sababu: mwanga unaopita ukingoni mwa kioo haukutani mahali pale pale na ule unaopita katikati. Sababu hiyo hiyo hufanya fokasi isogee kidogo unapoupunguza uwazi. Anayejua hivyo ataupata ulaini anapoutaka na kuuepuka asipoutaka. Anayesema "roho" atabahatisha, na akikosa hatajua amekosea wapi.

Watu waliotegemea vifaa hivi kwa kazi yao hawakusema roho. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alikuwa Tokyo. Alipigwa picha na Jun Miki kwa lenzi ya Kijapani ya Nikkor, akashangaa ukali wake. Hakuridhika na mshangao. Alikwenda kiwandani lenzi zikapimwa, kisha akazifunga Nikkor kwenye Leica zake na kwenda nazo kwenye vita vya Korea mwaka huo huo. Aliangalia, akapima, akachagua. Sisi tunafanya kinyume: tunanunua kwanza, kisha tunatafuta neno la kujifariji.

Jibu la pili nililipata kwa mwenzangu wa bweni: "Ungempiga jaja kwa simu, leo ungekuwa na picha." Ni kweli, na liliniuma kwa kuwa ni kweli. Siandiki kusema filamu inaizidi simu. Nilitaka kumpiga jaja kwa kamera ya mumewe. Sababu hiyo ni yangu na yake, haihitaji sifa za uongo kuhusu vioo.

Ushahidi wangu wa mwisho ni huu. Baada ya maziko nilimpelekea fundi wa saa lenzi ile. Aliifungua akakuta mafuta ya kulainishia yaliyovukiza kwa miaka na kutanda juu ya kioo cha ndani. Hapakuwa na kuvu. Kwa hilo nilikuwa na bahati, maana kuvu hutoa asidi inayokula kioo, na hapo kusafisha hakurudishi kitu. Aliyafuta. Nikarudi Masaka nikampiga shangazi mahali pale pale, saa ile ile, jua nyuma yake. Macho yake yanaonekana. Migomba nyuma yake imelainika vizuri kama Bertele alivyotaka. Kilichokuwa kinaitwa roho kilitoka na kitambaa cha pamba.

Mnaofundisha fasihi mtanielewa upesi. Mwanafunzi akiandika kwamba shairi "lina mvuto wa ajabu" bila kugusa vina, mizani wala taswira, mnaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa nini?" Mnafanya vyema. Mvuto una mahali unapotoka, na kazi ya msomi ni kupaonyesha. Nawaomba wenzangu tujiandikie wino huo huo tunapozungumza juu ya vifaa tunavyovipenda.

Kwa hiyo, anayetaka kununua lenzi ya zamani afanye hivi. Afungue uwazi wote, aweke tochi ya simu nyuma ya lenzi, achungulie kutoka mbele. Akiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, aiache. Akiona ukungu uliotanda sawasawa, aulize gharama ya kusafisha na aitoe kwenye bei. Apige filamu moja ya majaribio, baadhi ya picha akielekea jua, kabla ya kumketisha mtu yeyote mbele ya migomba. Na muuzaji akimwambia habari za roho, amrudishie lenzi yake.