Tuutembee Mji Wetu, Tuwasimulie Watoto



Siku za karibuni tulimuuliza mtoto wa darasa la tano, mzaliwa wa Tunduma, mji wake ulianzaje. Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwa yakini: "Ulianza na malori." Baba yake alicheka, nasi tukacheka. Lakini tulipomgeukia baba atusaidie kumsahihisha mwanawe, kicheko kilikatika, kwani naye hakuwa na la kuongeza. Alikuja mjini hapa kutafuta riziki, akafungua duka, na tangu hapo hutoka nyumbani asubuhi kwa bodaboda, hukaa dukani hadi Isha, hurudi kwa bodaboda. Mji anaujua kwa bei za bidhaa na kwa thamani ya kwacha, si kwa habari zake. Na mwili wake, kwa kauli yake mwenyewe, umeanza kumdai: magoti yanauma, shinikizo la damu limepanda, na daktari amemwagiza atembee.

Wiki hii tunataka kuyaweka mambo haya mawili pamoja, kwa sababu tunaona dawa yake ni moja. Mwili ni amana, na kumbukumbu ya mahali tunapoishi ni amana pia. Zote mbili hupotea kwa kukaa tu, na zote mbili zinaweza kurudishwa kwa miguu.

Jambo lenyewe si geni katika nchi yetu. Visiwani Zanzibar, kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hujitokeza kwa wingi barabarani, wazee kwa vijana, na matembezi hayo huhesabiwa kuwa sehemu ya shamrashamra za kuadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964. Afya na historia hukutana katika asubuhi moja. Kwa upande wa Bara, Desemba 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Miji mingi ikapata vikundi vyake vya kukimbia mchakamchaka. Mwaka huohuo wa 2016 ndio uliozaliwa Mkoa wetu wa Songwe, ulipomegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawekwa Vwawa. Basi mkoa wetu na kampeni hiyo ni watoto wa mwaka mmoja, na hakuna mahali panapofaa zaidi kuwalea pamoja kuliko hapa.

Tunachopendekeza ni hiki: kila Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya Sala ya Alfajiri, familia za kila mtaa, kuanzia Majengo na Sogea hadi Chapwa na Mpemba, zitoke kutembea kwa pamoja, si kukimbia, na matembezi hayo yawe na vituo. Katika kila kituo mzee mmoja asimame asimulie, kwa dakika tano tu, habari ya mahali pale. Mwezi huu kituo kimoja, mwezi ujao kingine.

Yamkini msomaji atauliza: Tunduma kuna historia gani ya kutembelewa? Hatuna magofu kama ya Kilwa, wala nyumba za mawe kama za Bagamoyo. Ni kweli. Lakini tuanze na reli. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu ijitawale, ilijikuta shaba yake inategemea njia zilizo mikononi mwa maadui wa Waafrika. Hapo ndipo Tanzania, Zambia na China zilipokubaliana mwaka 1967 kujenga reli. Kazi ilianza mwaka 1970, mataruma yakafika mpakani hapa mwaka 1973, na Julai 1976 reli yote ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi. Maelfu kwa maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia walichimba, walibeba na walipasua miamba bega kwa bega na Wachina. Baadhi ya vijana hao leo ni wazee wenye mvi. Kila mwaka tunazika wasimulizi, na wajukuu wao wanadhani mji ulianza na malori.

Hayo malori nayo yana kisa chao, wala mtoto yule hakukosea kabisa. Barabara kuu tunayoivuka kila siku kwa hofu ni dada yake reli. Iliimarishwa kwa sababu ileile, pamoja na bomba la mafuta la TAZAMA linalokwenda Ndola, lililokamilika mwaka 1968. Ukilitazama foleni la malori ukiwa juu ya pikipiki, unaona kero. Ukilitazama ukiwa umesimama na mzee anayekumbuka barabara ikiwa ya vumbi, unaona jinsi nchi masikini zilivyokataa kupigishwa magoti.

Kituo cha pili ni mpaka wenyewe. Watoto wetu wanakijua Kituo cha Pamoja cha Huduma za Mpakani, kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na marais wa nchi mbili, Hayati Magufuli na Hayati Lungu. Wachache wanajua nani aliyeuchora mstari huo. Uliwekwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, uliotiwa saini huko Berlin. Mstari huo ulipita karibu na barabara ya Mskochi aliyeitwa Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Hakuna Mnyamwanga aliyeulizwa. Asubuhi moja ndugu wakaambiwa kuwa wengine ni wa Mjerumani na wengine wa Mwingereza, na hadi leo ukoo mmoja una makaburi Tunduma na Nakonde. Mtoto akilijua hilo, hatamwita tena mgeni mtu wa ng'ambo ya pili ya geti.

Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwani historia ina kurasa tamu na kurasa chungu. Kabla ya mkataba huo, nchi hizi za kati ya maziwa mawili zilipitiwa na misafara ya biashara. Iliingiza nguo na shanga, na Uislamu nao ulisafiri na watu wa pwani. Lakini misafara hiyo ilitoa pembe za ndovu, na ilitoa binadamu waliofungwa minyororo. Karonga, ng'ambo ya Ileje, Mlozi na wenzake walipigana vita na kampuni ya Waingereza kuanzia mwaka 1887, na biashara ya watumwa ilikuwamo ndani ya mambo yale. Baadhi ya waliofanya biashara hiyo walikuwa na majina kama yetu, walisali kama tunavyosali. Tukiadhimisha historia kwa kulificha hili, watoto wetu watalisikia kwingine, tena kutoka kwa mtu asiyetutakia mema, na watatuona waongo. Tukiwaambia sisi wenyewe, kwa unyenyekevu, watajifunza kwamba dini haipimwi kwa dhuluma ya mfanyabiashara, na kwamba jirani yetu Mnyiha au Mndali asiye Mwislamu ana haki ya kukumbuka maumivu ya babu zake. Tena huyo jirani tumwalike atembee nasi. Mji ni wetu sote.

Kituo cha tatu hakifikiki kwa miguu kutoka mjini, ila mara moja kwa mwaka familia zinaweza kuchangishana nauli. Nacho ni Kimondo cha Mbozi, katika kijiji cha Ndolezi. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, lililoanguka kutoka angani zama zisizojulikana, na hukadiriwa kuwa na uzito wa tani nyingi, wengi wakitaja 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, ingawa vitabu vya wataalamu vinaanza kukitaja mwaka 1930. Siku inayofaa ni tarehe 30 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya kimataifa ya kukumbuka mawe haya ya angani. Wavae makoti watoto, maana baridi ya Mbozi mwezi huo haina mzaha. Mtoto anayekigusa kimondo kwa mkono wake hahitaji kuhubiriwa sana juu ya ukubwa wa Muumba.

Sasa tuje kwa wanawake, maana mara nyingi hapa ndipo mipango mizuri hufia. Mama ndiye anayekaa ndani zaidi, ndiye anayesumbuliwa zaidi na uzito na miguu kuvimba, na ndiye anayeambiwa kwamba mazoezi barabarani hayamfai. Sisi tunasema: tatizo si mama kutembea, ni namna ya kutembea. Mavazi yake ya stara hayamzuii kupiga hatua. Kundi la kina mama linaweza kuwa na safu yake na kiongozi wake, bila muziki wa matusi na bila kusukumana. Na tusisahau kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bi Aisha. Mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baada ya muda, mwili wa Bi Aisha ulipoongezeka, Mtume naye akamshinda na kumtania kwamba wamelipizana. Baba anayeona haya kutembea na mke wake asubuhi ajiulize haya hiyo ameitoa wapi.

Yapo masharti machache. Tusitembee kwenye barabara kuu yenye malori. Njia za mitaani zatosha, na pale tunapolazimika kuvuka, vijana wenye makoti ya kung'aa wasimamishe magari. Wazee na wagonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza. Kasi iwe ya mwenye hatua fupi kuliko wote. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto walau dakika 60 kila siku. Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi haitoshi kuwa dawa. Ni mlango tu. Anayeonja utamu wake ataanza kwenda dukani kwa miguu.

Yule baba wa dukani tumemwachia kazi moja. Tumemwomba amtafute mzee yeyote aliyefanya kazi kwenye reli, amkaribishe chai, na mwanawe akae pembeni asikilize. Jumamosi ijayo watatu hao watembee hadi stesheni. Nasi tunakuomba, ndugu msomaji, ufanye vivyo hivyo mtaani kwako, kabla mzee wako hajatangulia mbele ya haki na hadithi yake.

Mwenyezi Mungu atupe afya, na atujaalie kuwa wakweli kwa watoto wetu. Wabillahi tawfiq.